Lamu Bado?

Kila siku ya Mungu mabasi ya Lamu hupita Garsen, na kila siku ya Mungu abiria hushuka na maswali mawili yale yale. Choo kiko wapi? Lamu bado? Ukishayajibu hayo, huna kazi nao tena. Wananunua soda, wananunua maembe, wanalilaani joto ambalo sisi ndio tunaolala nalo, makanga anagonga bodi ya basi, na hao wanakwenda zao kustaajabia mji wa kale. Tangu nipate akili sijamsikia abiria akiuliza, "Na hapa penyewe pana nini?"

Sina ugomvi na Lamu, ieleweke. Lamu ina milango ya nakshi, ina punda, ina vichochoro ambavyo watu wawili wanene hawapishani mpaka mmoja akumbuke adabu, na tangu 2001 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Gedi nayo imeingia 2024, na Gedi ni magofu msituni, wakazi wake ni kima. Nawapongeza wote. Linalonikera ni hesabu ya msafiri. Mtu anatoka Nairobi, anakaa kwenye kiti cha basi mpaka nyonga zinaota sugu, anaonesha kitambulisho vizuizini hadi ile picha yake mwenyewe imchoke, yote hayo akaone mawe ya kale. Na huku kwetu, pale Mto Tana unapomwagika baharini, kuna miji ya mawe iliyokuwa na misikiti kabla Vasco da Gama hajazaliwa. Anaipita amelala, mdomo wazi, kichwa kimeangukia bega la mtu asiyemjua.

Na dharau hii haikuanza na mabasi. Nchi hii ilipotaka wimbo wa taifa mwaka 1963, sauti yake ilichukuliwa kwetu Tana, katika wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Kila shule ikipandisha bendera, kila mwanariadha wetu akivishwa dhahabu huko Olimpiki, anayesikika pale ni mama wa Kipokomo anamwambia mwanawe alale. Ndiyo maana mimi nikiwaona waheshimiwa wamesinzia bungeni siwalaumu. Wimbo umefanya kazi yake. Ninaowalaumu ni hawa wanaosimama wima kwa ajili ya wimbo wetu wa kulalia, kisha wakifika Garsen hata chai hawanywi. Jina la Tana River likitajwa redioni, ujue ni mafuriko, au ukame, au wanakumbushia mapigano ya 2012. Siku ya kutaja uzuri tunakuwa Pwani kwa jumla.

Basi shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, akapiga simu mwishoni mwa Desemba. Shemeji huyu anakaa Nairobi na ana kazi ambayo nimeelezwa mara nyingi, nami hutikisa kichwa. Nilichoshika ni kwamba hufanywa kwa kuketi.

"Shemeji," akaniambia, "safari hii siji kula wali wa nazi na kulala. Nataka tuzuru mtaa wa kale wenye haiba. Tutembee taratibu, tupotee vichochoroni."

Nikamwambia hapa kwetu mtu akipotea hutafutwa na chifu.

"Baba watoto, mtembeze ndugu yangu," akasema mama watoto, kwa sauti ile ambayo mwisho wake hauna alama ya kuuliza. Na shemeji hakataliwi. Mahari ina salio, na siku salio litakapozungumzwa, yeye ndiye atakayekaa upande ule wa watu wasiocheka.

Alishuka basi amevaa viatu vyeupe. Niliviangalia sana vile viatu. Garsen hakuna cheupe kinachofika saa sita mchana. Kwenye simu alikuwa na orodha aliyoitoa katika jarida la wasafiri, namna ya kuuonja mji wa kale: tembea bila ramani, kaa barazani unywe kahawa chungu, zungumza na fundi wa milango, mpige picha paka. Nikamtuliza moyo, nikamwambia paka tunao.

Tukaanzia stendi. Jua lilikuwa limeshakamata kazi. Shemeji akatazama pande zote: maduka ya mabati, msikiti, kanisa, vibanda vya M-Pesa, mbuzi watatu wamelala kwenye kivuli cha lori, vijana wa boda boda wamelala kwenye kivuli cha mbuzi. Akanyoosha kidole. "Lile jengo ni la lini?"

"Baada ya mafuriko."

"Mafuriko yapi?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba nina kazi. Miji mingine huhesabu miaka kwa wafalme, sisi huhesabu kwa maji. Kuna vitu vya kabla ya El Nino ya 1997, kuna vya baada yake, na sasa kuna vya baada ya ile ya mwisho wa 2023, iliyokata barabara ya Lamu huku Gamba, abiria wakakwama, wakavushwa kwa boti. Wakati ule ndipo abiria walipogundua kwamba Garsen kuna watu wenye majina. Maji yalipopungua wakatusahau papo hapo.

Ukimuuliza mtu wa mto kwa nini hana mtaa wa mawe, atakuuliza kwa nini ajengee mto nyumba. Tana hauheshimu hati ya shamba. Leo unapita nyuma ya kijiji, kesho kutwa unapita mbele, keshokutwa yake unapita jikoni. Ndiyo sababu Wapokomo walijenga nyumba za nyasi ukingoni, mafuriko yakija watu wanainuka na vyungu vyao, yakiondoka wanarudi kupanda mpunga kwenye tope aliloliacha mgeni. Waorma nao nyumba yao hubomolewa ikaondoka na ng'ombe. Hii ni akili, si umaskini, lakini kajaribu kuipiga picha. Mtaa uliohama kwa busara haupigiki picha.

Nikampeleka kwa fundi wa milango. Yupo, anachomelea mageti kando ya barabara, miwani nyeusi, cheche zinaruka mpaka njiani. Shemeji akamuuliza kama anaweka nakshi.

"Naweka," akasema fundi bila kuinua uso. "Unataka nyota au mkuki? Mkuki bei yake iko juu kidogo."

Sokoni angalau nilitegemea atafurahi. Soko la Garsen ni mkutano wa dunia. Mama wa Kiorma ana maziwa, Mpokomo ana maembe na ndizi, Mjaluo aliyefuata samaki mpaka huku ana kambare waliokaushwa kwa moshi, Msomali ana duka lenye kila kitu isipokuwa chenji, Mgiriama ana mnazi ambao hauonekani ila wanaoutaka wanajua ulipo. Mama mmoja alikuwa anabishania kipimo cha maziwa kwa Kipokomo, mwenzake anamjibu kwa Kiorma, na wote wawili wanatukanana vizuri kwa Kiswahili. Nikamwambia shemeji, haya, hii ndiyo historia yenyewe, inaongea. Akaniuliza kama kuna kitu cha kale zaidi. Nikamwambia cha kale zaidi sokoni hapa ni deni langu kwa muuza nyama, tupite upande ule.

Tukaingia hotelini kunywa chai. Yeye bado anatafuta. Akamwita mama mwenye hoteli, akamuuliza kwa heshima zote, "Mama, hivi hapa Garsen kuna haiba?"

Mama akageuka kutazama sufuria zake.

"Haiba imekwisha, mwanangu. Kuna mbaazi na mahamri."

Usiku ule nikalala nikijua heshima ya kaunti nzima imo mikononi mwangu. Ningeweza kumpeleka Ngao, walikofika wamisionari wa Kijerumani mwaka 1887, au Golbanti kwa Wamethodisti, lakini mtu anayetaka kupotea vichochoroni huwezi kumridhisha kwa kanisa. Nikaamua: asubuhi tunakwenda Witu, kisha Kipini, na kama hataona mji wa kale huko basi macho yake yana kasoro.

Barabara ya kwenda Witu siku hizi ni lami, nasema hivi kwa wale wanaoikumbuka zamani, wakati gari likinasa wiki na abiria wakapika. Unavuka mto pale Idsowe kwa daraja. Wazee wanakumbuka magari yalipovuka Tana kwa pantoni ya kuvutwa kwa kamba. Kwenye vizuizi tulishuka, tukapanga mstari, tukaonesha vitambulisho, tukapanda. Shemeji alisema inachosha. Nikamwambia tulia, hapo ndipo umeanza kuwa mwenyeji.

Witu ni mji ambao ungekuwa Ulaya ungekuwa na tiketi ya kuingilia. Ahmed bin Fumo Luti, waliyemwita Simba, Mnabahani wa ukoo wa masultani wa Pate, alikimbilia bara miaka ya 1860 hivi ili asimezwe na Sultani wa Zanzibar, akajikita Witu msituni. Watu waliotoroka utumwa mashambani kwa wenyewe walimfuata huko, akawapokea. Mwaka 1885 akawaita Wajerumani wamlinde, kwa mkono wa ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt. Witu ikawa nchi. Ilikuwa na sultani, ilikuwa na mlinzi wa kigeni, mwaka 1889 ikachapishiwa hata stempu zake yenyewe! Barua za kubandika stempu hizo zilikuwa chache, lakini hadhi ni hadhi.

Kisha mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza wakakaa Ulaya huko wakabadilishana. Mjerumani akapewa kisiwa cha Heligoland kwenye bahari ya baridi, akaiachia Uingereza Witu na mengine. Hakuna aliyepita Witu kuuliza. Septemba mwaka huo huo Wajerumani kadhaa wakauawa Witu, na Oktoba jeshi la majini la Uingereza chini ya Admirali Fremantle likapanda kutoka pwani likauchoma mji wote. Sultani wakati huo alikuwa Fumo Bakari. Akakimbilia msituni, na mwaka uliofuata akafariki.

Haya yote nilimweleza shemeji tumesimama stendi ya Witu. Nilieleza kwa mikono. Nilipofika kwenye moto nilipandisha sauti, mpaka mteja mmoja wa maembe akaacha kuchagua. Shemeji akasikiliza, akatazama huku na huku, akasema, "Sasa shemeji, mji wenyewe uko wapi?"

"Si nimekwambia waliuchoma!"

Tukamuuliza muuza maembe mji wa sultani ulikuwa upande gani. Akatuonesha kwa kidevu, mikono ikiwa imeshika embe. Kidevu kile kilielekea kwenye vichaka. Zaidi ya hapo, akasema, Witu iko Kaunti ya Lamu, nendeni mkaulize huko. Unaona? Hata sultani aliyechomewa mji njiani kwetu, mipaka ilipochorwa aliangukia kwao.

Kutoka Witu kwenda Kipini tulipakiwa mshikaki kwenye boda boda moja, mimi katikati, kwa sababu ya umri. Njia ni ya mchanga na vumbi, minazi, mikorosho, miembe iliyoshiba, na mara moja moja ng'ombe wanaovuka bila haraka wakijua kwamba wewe ndiwe mgeni. Kijana wa boda boda alitueleza kwa furaha mahali ambapo nyati hupenda kusimama. Viatu vyeupe vilikuwa vimeshakata tamaa.

Sasa nikisifu Kipini msinishike. Mtu wa kulalamika akisifu, jueni kitu kipo. Unafika mwisho wa njia, na mbele yako mto wa rangi ya chai ya maziwa unaingia bahari ya buluu, na kwa muda mrefu maji hayo mawili hayakubaliani. Kunapita mtumbwi. Kunapita mwingine. Wakati wa mkoloni hapa ndipo palipokuwa makao ya wilaya. Bwana Shauri alikaa hapa, kesi zikaletwa hapa kwa mtumbwi kutoka mtoni juu. Kisha serikali ikahama, na mji ukabaki umeketi upepo wake unaupiga, hauna shida na mtu.

Na mdomo huo wa mto wenyewe ni mgeni hapo. Zamani Tana ulimwagika baharini mbali kidogo, upande wa kusini magharibi, na Kipini palikuwa na mto Ozi peke yake. Enzi za sultani wa Witu watu wakachimba mfereji kwa mikono, Belezoni, ili mitumbwi ya mpunga ipite kutoka Tana hadi Ozi bila kuzunguka baharini. Mto ukauona mfereji, ukaupenda, na mwishoni mwa karne ya 19 ukahamia humo wote. Mto mrefu kuliko yote Kenya uliacha njia yake ukafuata jembe la watu wa Witu. Habari ya namna hii ikitokea Misri inajengewa sanamu.

Tulimkuta babu mmoja barazani anashona wavu. Tukampa shikamoo.

"Marahaba wanangu. Mumetoka wapi?"

"Garsen, babu. Tunatafuta mji wa kale."

"Garsen!" Akaucheka wavu wake. "Siku zote hizo mulikuwa mumekaa Garsen hapo, leo ndiyo mumekuja?" Akanikodolea macho mimi, si shemeji. Kisha akanyoosha mkono upande wa mashariki. "Ungwana uko. Mji uko, wenyewe ndio hawako. Mukifika mupige hodi. Na musitoke na kitu."

Tukamuuliza na habari za Fumo Liyongo, yule shujaa wa utendi, kwa sababu huwezi kufika Kipini usiulize habari za Fumo Liyongo. Babu akasema kaburi liko, wazee wake walimwonesha, na akaeleza kisa chote kana kwamba kilitokea juzi na yeye alikuwa shahidi: mwana alivyomchoma baba kwa sindano ya shaba kitovuni, na Liyongo alivyokwenda kupiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, akafa vile vile amekaza upinde, na watu wakashinda na kiu siku nyingi wakimwogopa maiti. Ndiye mtu wa mwisho kutoka huku kwetu kuogopwa na wakubwa. Na utendi wake mashuhuri, aliyeuandika mwaka 1913 ni Muhammad Kijumwa, mtu wa Lamu, ambaye pia alikuwa bingwa wa kuchonga nakshi za milango. Nikamwambia shemeji, umesikia? Shujaa wetu, wino wao. Milango yao pia.

Kijana wa boda boda akatupeleka mpaka pikipiki ikagoma mchangani, tukamalizia kwa miguu. Msitu wa pwani umefungana, miiba inashika shati, siafu wana barabara yao na wewe huna. Shemeji alikuwa ameanza kunung'unika, kazi ambayo ni yangu, na hapo akauliza kama kuna choo. Nikatazama kichaka, nikatazama upande mwingine, naye akaelewa. Aliporudi hakusema neno, kwa sababu nyuma ya kichaka chake palikuwa na ukuta.

Ungwana si gofu moja. Ni mji. Ukuta unakwenda, unapotea kwenye mizizi, unatokea tena. Kuna misikiti, kuna makaburi ya mawe, kuna vyumba ambavyo paa lake sasa ni majani. James Kirkman, yule mchimbuzi wa Gedi, alikuja akachimba hapa pia miaka ya 1950 na akaandika kitabu kizima. Kwa uchunguzi wake watu waliishi hapa tangu karne ya 13 hivi hadi ya 17. Wengi wanaona kwamba huu ndio mji ambao Wareno waliuita Hoja, ambao Tristão da Cunha aliupiga na kuutia moto mwanzoni mwa karne ya 16. Ukihesabu na Witu, huku kwetu kila mgeni aliyekuja na meli alikuja na kiberiti.

Tukapiga hodi. Hakuna aliyeitika, tukashukuru kwa hilo.

Palikuwa na ukuta ambao mti umeukalia. Mizizi imeteremka juu ya mawe ya matumbawe, imeingia kwenye kila ufa, na sasa huwezi kujua kama mti ndio unaobomoa ukuta au ndio unaouzuia usianguke. Shemeji akaweka kiganja pale ambapo chokaa bado imeshika, laini, kama iliyopigwa mwaka jana. Alipokitoa kiganja kilikuwa cheupe. Akakaa kimya, na mimi nikamwacha, maana shemeji akinyamaza mwenyewe humkatizi. Kichochoro alichokitaka kilikuwa mbele yake, kuta mbili na njia katikati, ila njia imeotwa na mkwaju.

Kisha akainama akaokota kigae. Kilikuwa kipande kidogo cha bakuli, cheupe chenye maua ya buluu, cha Uchina bila shaka, kilichovuka bahari yote ile ili kivunjike Tana River. Akakigeuza, akakipangusa kwa shati. Nikamwona mkono unaelekea mfukoni.

"Babu alisemaje?"

"Ni kidogo tu, shemeji. Cha kumbukumbu."

"Wareno pia walianza hivyo."

Kijana wa boda boda, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema kitu cha maana ila nyati, akamweleza kwamba kuna sheria ya mambo ya kale, na tena akamweleza kwamba kuna mtu Kipini aliwahi kutoka na kigae na pikipiki yake haikuwaka wiki nzima. Ya sheria shemeji aliisikiliza kwa adabu. Ya pikipiki ndiyo iliyomfanya akirudishe, palepale, upande uleule ulioangalia juu.

Njiani kurudi alikuwa mtu mwingine. Akawa na mipango. Pale pangewekwa mgahawa, pale taa, pale vijana wauze kofia. Nikamwambia aanze na choo. Naisema hii bila mzaha, na wakubwa wanaosoma wasikie. Mji wa kale hauwezi kutembelewa na mtu mwenye haja. Msafiri atavumilia joto, atavumilia nyati, lakini mpe historia ya miaka mia saba bila choo, bila kivuli, bila mtu wa kumwuzia maji, na saa moja baadaye atakuwa anauliza Lamu bado. Lamu wanalijua hilo. Vichochoro vyao vimejaa watu wanaoishi humo, wanapika humo, wanaanika nguo humo, na mgeni akichoka kuna baraza na kahawa. Kwetu mji umebaki na mawe yake peke yake, na mawe hayachemshi chai.

Tulirudi Garsen usiku. Mama watoto akaviona viatu vya ndugu yake, akanitazama mimi. Nikajieleza kwamba ni historia hiyo.

Yangekwisha hapo ningekuwa mtu wa furaha, nami sijazoea. Asubuhi shemeji yuko na simu, anatabasamu. Ameweka picha mtandaoni. Ni ile ya ukuta na mti, mwanga umeingia kwa upande, na kwa kweli imetoka vizuri hata mimi niliyekuwapo nikaitamani. Watu walishaipenda kwa mamia, mmoja kaandika kwamba amelia. Nikashuka na kidole kusoma alichoandika chini yake.

"Nikiwa Lamu."

Nikamuuliza, shemeji, Lamu uliiona wapi? Akasema watu hawaijui Kipini, angeandika Kipini wangedhani ni jina la ugonjwa. Lamu wanaielewa. Tena upande ule si ni Lamu Lamu tu? Nikafungua kinywa. Nikakumbuka salio la mahari. Nikakifunga.

Kwa hiyo ninakuomba wewe, msomaji usiyenidai. Njoo Januari au Februari, maana mvua za masika zikishika, njia ya Kipini haipitiki. Beba maji, beba kitambulisho, acha viatu vyeupe nyumbani. Panda gari mpaka Witu, boda boda ziko stendi. Piga hodi Ungwana na utoke mikono mitupu. Na ukipiga picha, andika hivi: Kipini, Kaunti ya Tana River.